Wale wa Kwenye Pipa

“Na wale wa kwenye pipa, umeshawatoa?”

Swali hilo lilimkuta fundi wa kompyuta chini ya meza, magoti kwenye saruji, kichwa katikati ya nyaya, akitafuta bisibisi iliyomponyoka. Alidhani hakusikia vizuri. Alijitoa polepole, maana mgongo wake ulikuwa na miaka sitini na miwili na haukupenda kuharakishwa, akamkuta Bi Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, amesimama kizingitini. Sare ya shule iliyoshonwa nusu ilimning'inia begani, na kifua chote kilikuwa kimechomekwa pini.

“Wepi hao, shemeji?”

“Wangu. Wale niliowaweka kwenye pipa. Lile pipa dogo la pale juu pembeni, kwenye kioo cha kompyuta yangu.”

“Lile si la takataka?”

“Najua linaitwaje, kusoma najua. Lakini mimi mle ndimo nilimowaweka waliokufa na waliohama. Mtu akishaondoka, ukurasa wa vipimo vyake nautia mle, asinichanganyikie na wateja waliopo. Miaka yote hii! Wako kama sitini hivi.” Akaanza kuwahesabu kwa vidole, akaachia njiani. “Mume wangu yumo. Yule mwalimu wa hesabu yumo. Hata mkeo yumo.”

Fundi aligeuza shingo. Nyuma yake, kwenye kioo cha mashine yake mwenyewe, yalikuwa bado yanaonekana maneno ya kazi aliyoimaliza muda si mrefu, kabla bisibisi haijaanguka. Yalisema kwamba pipa ni tupu.

“Mbona unageuka? Wapo au hawapo?”

“Wapo,” alisema. “Wapo wote. Usiwe na wasiwasi.”

“Haya. Maana ulinitisha.” Bi Pindo akageuka, akaenda zake kwa mwendo wake wa haraka, na punde cherehani ikasikika inalia.

Fundi hakuwa mwongo. Watu wa barabara ile walikuwa na mengi ya kusema juu yake: kwamba ni mbishi, kwamba kazi yake ni ya kobe, kwamba ukimpelekea kompyuta Jumatatu basi usiulize mpaka Jumatatu nyingine. Lakini uongo hakuna aliyewahi kumtwisha. Alikaa kwenye kiti chake kilichofungwa kamba mguu mmoja, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akajiuliza neno lile “wapo” limemtoka wapi.

Kompyuta ya Bi Pindo ilikuwa imegoma tangu mwanzo wa wiki. Ilikuwa inajisasisha yenyewe, umeme ukakatika katikati ya shughuli, na tangu hapo ikawa kila ukiiwasha inaandika mstari mmoja mweupe kwenye giza, inazima, inawaka, inaandika mstari ule ule. Mfumo wake ulikuwa umevunjika vipande na wenyewe haujui uanzie wapi. Bi Pindo aliifunga kwenye shuka kama mgonjwa, akaibeba mwenyewe mpaka kwa fundi, akaiweka mezani na kusema, “Nakukabidhi kichwa changu hicho.”

Mafundi wengine, vijana wa maduka ya mbele yenye taa kali, wangeimaliza kwa saa moja. Wangepiga mfumo upya, wakafuta kila kitu, wakamrudishia mwenyewe mashine nyepesi inayong'aa, isiyo na hata kitu kimoja ndani. Fundi hakufanya hivyo, na hakuwahi kufanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Yeye aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akanakili kwanza mali ya mteja: picha, barua, mahesabu, yote yaliyo nje ya pipa. Kisha akasafisha uchafu ili kupata nafasi, halafu ndipo akauweka mfumo mpya juu ya ule uliovunjika, taratibu, bila kugusa folda za mwenye kitu. Mlangoni pake palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi ya mafuta: KWETU HAKIPOTEI KITU. Maneno hayo aliyatunga mkewe, na herufi alizichora mwenyewe mkewe, ndiyo maana ile K ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo asubuhi hiyo alikuwa amefuata mwendo wake wa siku zote. Amenakili. Amesafisha. Diski ya Bi Pindo ilikuwa imejaa mpaka juu, na mfumo unahitaji nafasi ya kupumulia, basi akamwaga pipa. Katika miaka yote hiyo, na mashine zote zile zilizopita mezani pake, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za pipa.

Sasa ndipo alipokumbuka siku ile alipompelekea Bi Pindo kompyuta, miaka kumi na tisa nyuma. Aliisimika juu ya meza ya kukatia, akamwonyesha kimoja kimoja. Hapa unaandika, hapa unahifadhi. “Na hapa,” alimwambia, “weka usivyovihitaji.” Bi Pindo alikitazama kipicha cha pipa, kisha akatazama chini ya meza, kwenye gunia lake la vipande, akatikisa kichwa kukubali. Fundi aliondoka amefurahi, akidhani amempata mwanafunzi mwepesi. Kumbe kwa fundi cherehani hakuna kitu kinachotupwa. Vipande vinatiwa kwenye gunia na vinakaa humo mwaka, miaka miwili, mpaka siku yake ifike, na siku hiyo kimoja kinakuwa mfuko wa ndani, kingine kiraka cha goti, kingine kola. Gunia lile halikuwahi kumwagwa tangu Bi Pindo aanze kushona. Na pipa nalo alilichukulia hivyo hivyo.

Alijikaza kisabuni. Kitu kimoja tu kilikuwa upande wake: hakuwa ameanza kuuweka mfumo mpya. Kidole kilikuwa njiani bisibisi ilipoanguka. Kompyuta ikifuta kitu haikiondoi palepale. Inachofanya ni kulikata jina lake kwenye orodha na kupaandika mahali pake kwamba ni wazi, na kitu chenyewe kinabaki pale pale mpaka kije kingine kiandikwe juu yake. Kama asingegusa chochote, kama asingeandika hata herufi moja kwenye diski ile, huenda bado wapo.

Aliwasha programu ya kutafutia vilivyofutwa, akaelekeza matokeo yaende kwenye diski yake mwenyewe, akabonyeza. Mashine ikafikiri, kisha ikampa muda wake. Saa sita na dakika arobaini.

Basi akakaa kungoja. Walikuja wateja wawili, mmoja na chaja iliyoungua na mwingine aliyetaka kujua tu bei, akawahudumia akiwa hayupo. Alikuwa kwenye chumba kile kile lakini miaka kumi na tisa nyuma, anasikiliza ukutani.

Vipimo vya Bi Pindo, kabla ya kompyuta, vilikuwa kwenye madaftari, na madaftari yalikuwa yamepigwa na mvua iliyopita kwenye bati. Mkewe fundi ndiye aliyesema hapana, haya yataoza, tuyaingize kwenye mashine. Walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, wale wawili. Wiki tatu nzima alikuwa akimaliza kazi zake za nyumbani anakwenda kwa Bi Pindo, anakaa kwenye kigoda, anasoma kutoka kwenye yale madaftari yaliyovimba maji, na Bi Pindo anaandika kwa kidole kimoja. Kila mtu na ukurasa wake, jina juu ya faili, ndani vipimo peke yake. Kuta zilikuwa nyembamba. Fundi alikuwa anazima redio ili amsikie.

“Kifua thelathini na nane. Kiuno arobaini.”

“Arobaini? Huyo alinidanganya. Andika arobaini na mbili.”

“Unaandika wewe.”

“Basi nisubiri, nne sijaiona iko wapi.”

Halafu kicheko. Mkewe alikuwa anacheka kwa kuishiwa pumzi, anagonga paja, anasema “nife mie,” na fundi upande wa pili na koleo lake mkononi anatabasamu peke yake bila kujua wanachekea nini. Alikuwa na miaka arobaini na tatu wakati huo, na alidhani sauti ile itakuwepo tu siku zote.

Sasa ni mwaka wa tisa tangu azikwe. Alichobaki nacho ni picha mbili, zote amefumba macho, maana kamera haikupata kumuwahi hata siku moja. Sauti yake hakuirekodi. Yeye, mtu wa mashine, mwenye vinasa sauti vinne kwenye droo, hakuirekodi. Magauni walichukua dada zake, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Wala hakujua mpaka asubuhi ile kwamba kuna mahali mkewe ameandikwa, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Alipata habari hiyo na kuipoteza kwa pumzi moja.

Saa kumi kasoro robo mashine ililia. Mafaili hamsini na saba.

Fundi alivuta pumzi kubwa, akafungua la kwanza, akacheka kwa furaha, kisha kicheko kikamkauka. Faili halikuwa na jina. Lililofuata halikuwa na jina. Yote yalikuwa na namba tu ilizoyapa mashine, sifuri sifuri moja, sifuri sifuri mbili, kwa sababu majina ndiyo yaliyokatwa kwenye orodha, na orodha hairudi. Ndani kulikuwa na safu za tarakimu, na pembeni maneno machache ya Bi Pindo: bega, mkono, pindo refu.

Alijiambia haidhuru, yule mmoja ninayemtaka nitamtambua. Akafungua moja baada ya jingine. Kiuno thelathini na nne, ndiye? Nyonga arobaini na mbili, ndiye? Alifika la kumi na mbili akasimama. Aliijua diski ya kila mteja wa barabara ile, ukubwa wake na mwaka wake. Alilala na mke yule kitanda kimoja miaka ishirini na minane, na hakujua kiuno chake ni inchi ngapi. Alijaribu kumkumbuka kwa mikono, akaikunjua mikono mbele yake hewani, akaona upuuzi, akaishusha.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuwasoma watu wale. Fundi akapiga moyo konde, akafunga mlango, akaenda.

Bi Pindo alikuwa anakunja ukosi. Hakuinua macho. “Imepona?”

“Shemeji, zima kwanza hiyo cherehani.”

Mguu ukatulia kwenye kanyagio. Fundi akasema yote bila kupaka mafuta: kwamba pipa alikuwa amelimwaga kabla hajaulizwa, kwamba alimdanganya, kwamba siku nzima ameshinda anawatafuta, kwamba amewapata wengi lakini hawana majina.

Bi Pindo aliinua macho.

“Umewamwaga?”

“Nimewamwaga.”

“Na mimi nakuja pale, nakuuliza kwa kinywa changu, unaniambia wapo!”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini? Mimi nang'ata?” Aliinuka, sare ikaanguka chini, na hilo halikuwa jambo la kawaida, Bi Pindo kuacha kitambaa cha mtu sakafuni. “Ubao wako unasemaje pale mlangoni? Hee? Mume wangu nilimpima mara moja tu maisha yake yote, ukurasa mmoja, na wewe unamwaga kama maji ya kuoshea vyombo!”

 Fundi alisimama pale ameinamisha kichwa, mikono nyuma, mtu mzima na mvi zake. Labda hilo ndilo lililomlainisha Bi Pindo, au labda alichoka tu. Aliiokota sare, akaikung'uta, akaitundika.

“Twende ukanionyeshe.”

Fundi alimwekea kiti kizima, yeye akakalia kile cha kamba. Aliwahamisha wote hamsini na saba mahali salama, akawanakili mara mbili, ndipo akairudisha diski kwenye kompyuta ya Bi Pindo na kuuanzisha mfumo ujitengeneze pembeni. Kisha akafungua faili la kwanza.

“Kifua arobaini na nne,” alisoma. “Tumbo arobaini na nane.”

“Mwalimu wa hesabu,” Bi Pindo alisema papo hapo. “Alikuwa anabana tumbo nikimpima. Mpaka nimuulize habari za matokeo ya wanafunzi wake, ahamaki, aliachie. Andika.”

Fundi aliandika jina juu ya faili. “Huyu, bega la kulia limeshuka nusu inchi.”

“Muuza magazeti. Mkoba upande mmoja, miaka thelathini. Nilimwambia hamisha, akasema upande wa pili haujui kazi.”

“Huyu kapimwa mara mbili tu. Wiki tatu zimepita, kiuno kimeongezeka inchi mbili.”

Bi Pindo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Bibi harusi yule. Alilia kwenye kigoda pale! Nikamwambia nyamaza mama, wewe huna kosa, kitambaa ndicho kimepata maji, kikabana. Tukaweka mikunjo kwa mbele. Walihama. Mtoto sasa atakuwa mkubwa wa kuoa.”

Wakaendelea hivyo. Hapakuwa na hata mmoja aliyemshinda. Wengine aliwajua kwa shingo, wengine kwa urefu wa mkono, mmoja alimjua kwa sababu alitaka mifuko minne kwenye suruali na hakuwahi kusema ya nini. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara na chumba kilikuwa kimejaa watu, mrefu, mnene, mwenye kibyongo, na fundi naye akaanza kuwaona, wengine aliwahi kuwasalimia pale pale barazani.

“Suruali moja,” alisoma. “Mguu wa kushoto mfupi kwa robo inchi.”

Bi Pindo alivuta kiti karibu na kioo. Kisha akasema, “Wangu huyo.” Akajifuta kwa upande wa kanga. “Alikuja kushonesha, hata sijamjua. Nikamwambia una mguu mfupi, akaniambia hakuna aliyewahi kuniona. Baada ya hapo nilikuwa namshonea kwa macho tu. Mwache hapo kidogo, usimfunge.”

Wakamwacha hapo kidogo.

Faili la arobaini na moja lilikuwa refu kuliko mengine yote. Mistari thelathini na miwili, tarehe kwa tarehe. Fundi alikuwa hajasoma hata kipimo kimoja Bi Pindo aliposema, “Huyo simjui. Pita.”

“Humjui?”

“Simkumbuki. Fungua mwingine.”

“Shemeji, umempima mara thelathini na mbili.”

“Nimesema pita.”

Fundi aligeuka akamwangalia. Mwanamke yule aliyemtambua mtu kwa mifuko minne alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Basi fundi akajua ni nani. Akakisogelea kioo, akavaa miwani, akaanza kusoma kimya kimya kuanzia juu.

Kiuno thelathini na sita. Mwaka uliofuata thelathini na sita. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na sita. Gauni la kitenge, gauni la kijani, sketi, gauni la harusi ya mpwa wake. Mwaka hadi mwaka mwanamke alikuwa yuleyule. Halafu, katika mistari sita ya mwisho, tarehe zikasogeleana, mwezi kwa mwezi. Thelathini na nne. Thelathini na mbili. Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Ishirini na nane. Ishirini na sita. Na pembeni maneno ya Bi Pindo: Bana mishono ya ndani. Bana tena, bitana mbili. Bitana mbili, mabegani sifongo. Shemeji asijue.

Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Fundi aliukumbuka vizuri sana, kwa sababu alikuwa ameukumbuka kila siku kwa miaka tisa. Kila asubuhi alimwona mkewe anatoka na gauni lake la kijani limemjaa vizuri, limemkaa begani na kiunoni kama siku zote, na hakuona kitu. Aliambiwa ugonjwa zikiwa zimebaki wiki tatu, akiwa amelazwa tayari, ndani ya shuka, na pale ndipo alipoona mkono ule umebaki mfupa. Tangu hapo hakuacha kujiuliza. Yeye anayesikia feni mbovu ya kompyuta kabla mteja hajavuka mlango, alikuwa anatazama wapi?

“Mlinificha,” alisema.

“Tulikuficha.”

“Wewe na yeye.”

“Alikuwa anakuja na magauni yale yale kwenye mfuko. Nabana, natia bitana, kitambaa cha ndani, mara mbili ili nguo ijae, mabegani naweka sifongo. Anavaa, anazunguka, ananiuliza, ‘Ataona?’ Namwambia haoni.” Bi Pindo alikuwa anaukunja na kuukunjua upande wa kanga. “Nilimwambia mwambie mumeo. Nilimwambia si mara moja. Akasema, ‘Yule akiona kitu kimeharibika hali, halali, mpaka akitengeneze. Na mimi sitengenezeki. Mwache afanye kazi yake kwa raha, na mimi nipate kumtazama.’ Sasa mimi ningefanyaje, shemeji? Alikuwa mwenzangu.”

Fundi alikasirika. Alikasirika kweli, mpaka masikio yakamwaka moto, akainuka na kiti kikaanguka. Alitaka kusema kwamba zile zilikuwa siku zake naye, kwamba miezi sita ni siku mia na themanini na walimwibia zote. Lakini kilichomtoka ni machozi, mengi, ya mtu asiyezoea kulia, yakimwingia hadi kwenye ndevu. Na chini ya hasira ile alihisi kitu kingine kinalegea, kitu alichokuwa amekibeba siku nyingi mno mpaka akadhani ni sehemu ya mgongo wake.

“Miaka tisa,” alisema, “najiuliza nilikuwa naangalia wapi.”

“Ulikuwa unaangalia bitana yangu,” Bi Pindo alisema. “Mimi nashona vizuri.”

Fundi aliinua kiti kilichoanguka, akakaa. Pembeni, kompyuta ya Bi Pindo ilijiwasha yenyewe, ikafikiri, na badala ya ule mstari mweupe ikatoa picha yake ya zamani ya maua mekundu, na folda zake zimejipanga pale pale alipoziacha. Wala mwenyewe hakuitazama.

Walimaliza waliobaki, maana haikuwezekana kuwaacha njiani. Wanne hawakuonekana kabisa, mshona viatu mmoja na dada watatu wa nyumba moja waliohama zamani, na Bi Pindo aliwataja kwa sauti, mmoja mmoja, akasema hao basi. Fundi akamwomba radhi kwa ajili yao. Kisha akarudi kwenye faili la arobaini na moja, ambalo ndilo pekee lililobaki na namba, akaweka vidole kwenye kibodi.

“Ulikuwa umemwandika nani?”

“Mwenzangu.”

Akaandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Akahifadhi. Akakaa anautazama ule mstari wa juu kabisa, wa mwaka wa kompyuta, wa mwaka wa kicheko ukutani.

“Shemeji,” alisema, “thelathini na sita ni kiasi gani?”

Bi Pindo alitaka kumjibu kwa mdomo, akaona haitoshi. Akavuta tepu yake iliyokuwa imening'inia shingoni chini ya kanga, akaitafuta namba kwa kidole gumba bila kuitazama, akaukunja utepe ukawa duara, akaubana pale paliposema thelathini na sita. Akaliinua duara lile hewani, kati yao wawili, kimo cha kiuno cha mwanamke aliyesimama.

“Hivi,” alisema.

Fundi alilitazama. Lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alinyoosha mikono, akalipokea polepole, akaweka kidole chake pale pale alipobana Bi Pindo, na Bi Pindo hakuachia mpaka alipohakikisha kwamba ameshika vizuri na haliwezi kuteleza.